Eakilina Mpya ya Masalu

Benchi la Marcelo muuza kahawa liko pale barabara inapotoka Bariadi kwenda Sapiwi, na asubuhi ya Jumatatu lilikuwa na wataalamu wawili na mgonjwa mmoja. Mgonjwa ni pikipiki ya Masalu. Jumamosi Masalu aling'oa eakilina iliyokuja na pikipiki, kile kichujio cha hewa ya injini kilichofichwa ndani ya kasha, akafunga ya wazi, nyekundu, ili pikipiki ingurume na Mwalimu Eufrasia ajue anayekuja ni mwanaume. Miaka miwili anampeleka shuleni kila siku, na mwaka mzima ana neno la kumwambia, hajalitoa. Sasa pikipiki ilinguruma vizuri sana ikiwa imesimama. Ukivuta mafuta inakohoa, inalipuka kwenye ekzosi, inazima. Mwalimu hufika saa moja na nusu, na leo darasa lake lina mtihani. Ilikuwa saa moja na robo. Masalu aliogopa kweli, na kwa woga huo akafanya kosa la kuomba ushauri.

— Umeifunga lini? aliuliza Injinia.

Huyu ni Luhende, karani wa mizani ya pamba. Aliitwa Injinia tangu siku alipoitengeneza ile mizani, na tangu siku hiyo mizani haijawahi kukubaliana na mkulima yeyote.

— Juzi. Muuzaji kasema ni kufunga na kuondoka, haihitaji tyuni, hakuna cha kurekebisha kwenye injini.

— Kasema kweli. Tyuni ni ya magari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Eakilina ndiyo mgeni, injini ndiyo mwenyeji. Iache ingurume siku tatu bila kuizima, itapona yenyewe.

— Mwalimu anakuja sasa hivi, Injinia.

— Mwambie asubiri. Subira yavuta heri.

Wa pili ni Mayunga, mchuuzi wa ng'ombe, jina la kijiweni Mnada. Duniani hakuna jambo ambalo Mnada hawezi kulieleza kwa ng'ombe.

— Bhabha, sikiliza. Ng'ombe ukimpanua pua, atataka na majani zaidi. Hewa umeongeza, mafuta ni yale yale. Si uende kwa fundi akubadilishie jeti ya kabureta, mafuta nayo yaongezeke?

Hilo lilikuwa jambo la akili, la kwanza na la mwisho asubuhi ile, kwa hiyo hakuna aliyelisikiliza. Mnada mwenyewe akalitupa, akachukua lingine.

— Au inaona aibu. Ile ya zamani ilifunikwa, hii iko uchi barabarani.

— Mficha uchi hazai, Injinia alimkata. Ndiyo maana ile ya zamani haikuzaa nguvu.

— Hii nayo imezaa nini? aliuliza Marcelo, akimimina kahawa.

— Wewe uza kahawa. Tatizo ni hewa ya huku kwetu. Nchi tambarare, hewa inakuja yote kwa mkupuo. Hiyo eakilina imetengenezwa kwa watu wa milimani. Tuipunguzie. Na kupunguza hewa, sisi watu wa pamba tunafundishwa na nani?

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa pamba mbichi, mbegu zikiwa ndani. Masalu alijua huo ni upuuzi. Alijua kabisa. Lakini mtu anayependa, na saa inakimbia, hana nafasi ya kuchagua mganga. Akaishikilia eakilina, Injinia akashindilia.

Masalu akapiga kiki. Ikawaka. Akavuta mafuta, ikaitika bila kukohoa. Injinia akageukia benchi taratibu, kama mtu anayengoja kuvishwa joho.

— Elimu haina mwisho, alisema.

Pikipiki ikameza kitu, ikazima. Masalu akapiga kiki mpaka mguu ukamuuma, na haikutoa hata kikohozi.

— Mwangaluka, alisema Mwalimu Eufrasia nyuma yao.

— Mwangaluka, mwalimu, waliitikia wote, Masalu wa mwisho.

— Imekuwaje?

— Tumeiboresha, Injinia aliwahi. Inazoea tu.

Mwalimu akainama, akaitazama ile nyekundu na pamba iliyochungulia pembeni.

— Ile ya zamani ilikuwa na shida gani?

Injinia akatazama ndani ya kikombe chake. Mnada akatazama barabarani, akitafuta ng'ombe ambao hawakuwepo. Masalu, aliyekuwa na jibu, tena lote, akaanza kuchomoa pamba.

— Maana mimi niliipenda, mwalimu aliendelea. Ilikuwa kimya, tunaongea njia nzima. Ijumaa kuna kitu ulitaka kuniambia, tukafika hujamaliza. Nilitaka leo nikuulize.

Akatazama saa, akaguna kwa huzuni, akampungia mkono Dastan, bodaboda wa ng'ambo ya barabara. Pikipiki ya Dastan ni kuukuu, ina vumbi, na hakuna mtaalamu aliyewahi kuigusa. Mwalimu akapanda, ikawaka kwa kiki moja, kimya kimya. Hata kabla hawajafika kwenye kona, Masalu alimsikia Dastan akisema jambo, na Mwalimu Eufrasia akimjibu huku anacheka, neno kwa neno.