Mama Filimbi Hakuwa Mkazi

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa juani kwa ajili yetu, mimi ni mdogo wa marehemu, familia imenikabidhi karatasi hii niisome kwa utulivu, nami nimeahidi kujaribu.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Filimbi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba hii hii ya vyumba viwili, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Alisoma shule ya msingi ya hapa mtaani kuanzia mwaka 1963 hadi tarehe 20 Juni 1969, siku ambayo kaka yetu wa katikati alizama kwenye shimo la machimbo ya kokoto lililojaa maji ya mvua, dada akiwa ukingoni, hajui kuogelea, na baada ya mazishi hakurudi tena darasani.

Alijifunza kuogelea akiwa mtu mzima, huku akichekwa, na tarehe 1 Agosti 1979 manispaa ikamwajiri kuwa mwangalizi wa bwawa la kuogelea la umma, ambako alikaa miaka zaidi ya thelathini na sita kwenye kiti kirefu cha chuma, filimbi shingoni, akifundisha watoto wa mtaa huu bila kubagua, na hapa mbele yangu naona watu wazima aliowahi kuwavuta masikio kwa kukimbia kwenye vigae vilivyolowa. Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1981 na fundi pampu wa bwawa hilohilo, shemeji yetu mpole aliyetangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto watatu, waliojua kuelea kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Alistaafu tarehe 31 Machi 2016.

Sehemu inayofuata niliombwa niipunguze makali, sitaipunguza. Tarehe 2 Mei 2019 bwawa lilikabidhiwa kampuni, likapakwa rangi, na getini pakatundikwa bango lililosema BEI NAFUU KWA WAKAZI, dada akalisoma, akafurahi kama mtoto, akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazazi wawaandae watoto kwa Jumamosi. Siku ilipofika, watoto arobaini wakiwa na taulo zao, mlinzi akaeleza kwamba mkazi ni mtu anayekaa kwenye ghorofa la kampuni, lile lililo nyuma ya bwawa, na ana kadi, wengine wote ni wageni, na bei ya mgeni hakuna mzazi wa hapa angeiweza. Dada, aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka geti lile, akamwuliza meneja, "Mimi si mkazi? Basi miaka yote hii nilikuwa nakaa wapi?" Meneja akatabasamu, akamwambia ajaze fomu. 

Dada aliandika barua, akapigwa danadana ofisi hadi ofisi, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba mtaa mzima uliamini maneno yake, halafu watoto wakarudi kulekule machimboni. Basi naye akawafuata huko kila alasiri, na kiti cha plastiki na filimbi yake. Tarehe 27 Januari 2022 binti wa fundi cherehani aliteleza, dada, mwenye miaka sitini na mitano, akaruka ndani ya maji yale ya kijani yanayonuka, akamtoa mzima. Mwenyewe aliyameza mengi, mapafu yakashambuliwa, akalazwa tarehe 30, na tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliopika na kufua, wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja na filimbi zao, na fundi cherehani aliyeshona nguo aliyovaa dada leo. Kampuni nayo imeleta shada la maua, lina utepe ulioandikwa "Buriani mkazi mwenzetu", tunaiarifu kwamba shada hilo lipo nje ya uzio, kwa kuwa aliyelileta hakuwa na kadi.

Jumamosi saa tatu asubuhi watoto waje na taulo pale kwenye geti la bwawa, watu wazima tutatangulia. Wewe dada umeshalinda vya kutosha, shuka kitini sasa, upumzike kwa amani.