Kiti Nilichokiita Spea za Baiskeli

Wapendwa, mchungaji amenipa nafasi baada ya matangazo na ameniomba nisiwachoshe. Nitawachosha kidogo. Mnivumilie, maana neno lenyewe limenikaa kooni muda mrefu, kila Jumapili nalimeza na kurudi nalo nyumbani.

Mnanijua. Hapa Kamuli hakuna asiyenijua, kwa uzuri au kwa ubaya. Shule niliiacha darasa la pili. Shamba la migomba na kahawa nililonalo sikurithishwa na mtu, nililinunua kipande kwa kipande. Nilianza kwa kubeba mizigo kwa baiskeli, kuvuka mto kwenda Uganda na kurudi: sabuni, chumvi, vitenge, spea za baiskeli. Na nilikuwa najisifu, hata hapo nje ya kanisa, kwamba tangu nizaliwe sijawahi kulipa ushuru wa kitu chochote. Nilikuwa nasema hivyo huku nacheka, nanyi mlikuwa mnacheka. Leo naomba msicheke.

Mke wangu alipooza miguu. Mlikuja kumwona, mkaleta ndizi na maziwa, na hilo sitalisahau. Akili yake ni nzima, ulimi uliokuwa umefungwa ulirudi, ila miguu imekataa. Mwanamke aliyepalilia kahawa yote ile akawa wa kubebwa mgongoni kwenda chooni. Wake za wanangu ndio waliombeba, na hakuna siku waliyonung'unika. Ila yeye akaanza kupunguza maji ya kunywa ili asiwasumbue. Kiu inamshika, anakataa kikombe. Hilo niliambiwa na mke wa mwanangu mkubwa. Mimi mwenyewe sikuliona, na tunalala chumba kimoja.

Tuliazima kiti cha hospitali. Magurudumu yake membamba, udongo ukilowa kinazama, kikifika kwenye mawe kinagoma, tukakirudisha. Basi mwenye duka la simu kule Nkwenda, yule anayewaagizia watu vitu kutoka ng'ambo, akanionyesha kwenye simu kiti cha matairi manene, cha kupita njia za shambani. Nikakipenda. Nikalipa bila kubishana bei, na mnanijua mimi kwa kubishana bei. Kufikia hapo nilikuwa mume mwema.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Yule mwenye duka akaniambia, "Mzee, muuzaji anauliza aandike nini juu ya mzigo. Namwambia aandike kiti cha mgonjwa."

Nikasema, "Mwambie aandike spea za baiskeli."

"Kiti ni kiti, mzee."

"Wewe umezaliwa juzi. Kitu kizima kinakatwa ushuru. Spea hakuna anayezitazama. Nimepitisha spea hapo mtoni kabla baba yako hajaoa."

"Hapo mtoni walikuwa wanakutazama wewe. Kule Dar wana mashine inayotazama ndani ya boksi."

"Itaona magurudumu. Kwani baiskeli haina magurudumu?"

Waliokuwa dukani wakaangua kicheko. Nikajiona mjanja. Nikaongeza kwamba na bei ishushwe, ile karatasi ya mzigo isomeke bei ya kuku wawili wa mayai. Yule bwana akanitazama, akasema, "Mzee, kikikwama usije kulia hapa." Nikamwambia mimi sijui kulia. Akaandika nilichotaka.

Kiti kikafika Dar es Salaam, kikazuiwa.

Anayetoa mizigo bandarini kwa niaba ya watu wa huku ni binti wa hapa kwetu. Simtaji jina, lakini wengi wenu mnamjua, mama yake ni mjane na anakaa ng'ambo ya bonde letu. Amewatolea wengi wenu simu, vyerehani, pampu za maji. Akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kiti changu kiko wapi?"

"Kimezuiwa, baba. Karatasi inasema spea za baiskeli, watu wa forodha wamefungua wakakuta kiti. Na bei iliyoandikwa hawaiamini. Wanataka risiti ya malipo yenyewe, na barua ya kueleza ilikuwaje."

"Barua ya nini? Sema wewe unataka kiasi gani."

"Mimi sitaki kitu, baba. Nataka karatasi. Kiti kikizidi kukaa ghalani kinaendelea kutozwa."

"Hiyo ya ghalani ndiyo mnayokula."

Nikakata simu.

Ndugu zangu, nawaambia kilichonizuia kupeleka ile risiti, maana risiti nilikuwa nayo. Risiti ingeonyesha bei ya kweli. Na barua ingebidi iseme kwamba nimedanganya. Mimi, mzee wa watu, nimwandikie karani nisiyemjua kwamba nimedanganya! Sikuweza. Nikaona njia iliyo rahisi zaidi. Nikasema binti ni mwizi.

Nilisema wapi? Nilisema Nkwenda, pale kwenye mizani ya kahawa, siku ya soko, watu wamejaa. Nikasema kuna binti kutoka kwetu amekula kiti cha mgonjwa. Nikasema tena hapo nje, karibu na kengele, baada ya ibada. Mtu akaniuliza, "Una hakika, mzee?" Nikamjibu, "Ningesema kama sina hakika?" Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusikilizwa, mlinisikiliza. Maneno yakatembea kuliko gari. Waliokuwa na mizigo kwake wakamnyang'anya wakampa mwingine. Mama yake akawa akitoka kanisani anapita upande wa nyuma, peke yake, asionane na watu. Nilimwona. Nilimwona na nikageuza uso.

Nyumbani nako nikawa namwambia mke wangu kiti kiko njiani. Mara nikasema meli imechelewa. Mara nikasema barabara imeharibika na mvua. Mwisho akaacha kuuliza, nami nikafurahi kwamba ameacha kuuliza. Ndivyo nilivyokuwa.

Basi ikafika siku moja. Wake za wanangu walimtoa nje asubuhi wakamweka kwenye mkeka aote jua, wakashuka shambani kuchuma kahawa. Mimi nilikuwa Nkwenda, na kazi niliyokuwa nayo huko ni kusema yaleyale. Mvua ikaja ghafla, ile ya huku kwetu isiyopiga hodi. Na aliyefika nyumbani wakati huo ni mume wa binti yetu, amekuja kutusalimia na mkungu wake wa ndizi.

Wazee wenzangu, desturi yetu mnaijua. Mkwe na mama mkwe hawagusani. Hata salamu wanapeana kwa mbali. Sasa mama mkwe amelala kwenye mvua na hakuna mtu mwingine nyumbani. Yule kijana akasogea, mke wangu akamwambia, "Mwanangu, usinisogelee." Akasimama. Akakimbia barazani akachukua turubai la kuanikia kahawa, akarudi, akampa mgongo mama mkwe wake, akainua mikono na kulishika lile turubai juu yake kwa nyuma, bila kugeuka.

Nilipofika niliwakuta hivyo. Maji yanapita chini ya mkeka. Mke wangu amelowa mpaka nywele. Mkwe wangu mikono bado iko juu, ameinamisha uso kama aliyekosa yeye. Akaniita baba kwa Kinyambo, akasema tu, "Tata, umefika," akaniachia turubai, akaondoka. Mkungu wa ndizi akauacha hapohapo kwenye tope.

Nilimbeba mke wangu nikamwingiza ndani. Nikamvua nguo za maji. Akasema, "Kiti kiko wapi? Leo niambie kweli."

Nikamwambia. Nilianza na meli, akanikatiza, akasema, "Hiyo meli niache nayo." Nikaanza upya. Nikamweleza spea za baiskeli, bei ya kuku, binti, mizani, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo mimi ndiye uliyeniandika spea za baiskeli."

Niliokota zile nguo zilizolowa nikatoka nazo nje.

Kesho yake nikampigia binti. Nilijua atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akasema, "Shikamoo baba. Mama anaendeleaje?"

Niliomba dakika nikaweka simu chini. Nilipoirudisha sikioni nikamwambia nimekosa. Akasema, "Tutengeneze kwanza hili la kiti." Ndipo akanieleza jambo ambalo lilinimaliza kabisa. Kiti cha mgonjwa asiyeweza kutembea kina msamaha. Kingeandikwa jina lake, nikaleta na cheti cha daktari, nikaomba kwa utaratibu, ningelipa tozo ndogondogo na kazi ya kukitoa, basi. Ule ushuru niliokuwa naukimbia haukuwepo.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Kumbe kulikuwa na jambo lingine. Wakati mimi nasimama kwenye mizani kumwita mwizi, yeye alikuwa anakwenda kule ofisi ya forodha kuniombea muda ili kiti kisipelekwe mnadani. Hakuniambia mwenyewe. Nilikuja kuambiwa na mwenye duka la simu.

Barua aliandika huyohuyo mwenye duka, mimi nikisema. Akaniuliza, "Niandike ilikuwa kwa kutokuelewa?" Ilikuwa ni huruma yake. Nikamwambia, "Andika nilidanganya." Akaandika, nikaweka dole gumba. Nikalipa faini ya kudanganya, nikalipa na ghala. Niliuza dume langu la ng'ombe, lile mlilokuwa mkilisifia. Sikulia kwa ajili ya ng'ombe.

Kiti kikaja. Wanangu wakakifunga nati, tukamkalisha mama yao. Wote tulidhani atasema apelekwe shambani akaone migomba yake. Akasema, "Nipeleke kwa mama wa yule binti. Na usukume wewe."

Nikasukuma. Mnalijua lile bonde. Kushuka nilikuwa nakivuta kisinikimbie, kupanda nilikuwa naegemea kwa kifua. Watu wakatoka kwenye nyumba zao kutazama. Mwanangu akaja kunisaidia, mama yake akamwambia, "Mwache baba yako."

Tukafika. Yule mama akampokea mke wangu kwa mikono miwili. Wakasalimiana kwa Kinyambo, salamu ndefu, wakaulizana watoto na wajukuu mmoja mmoja. Akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa mgeni yeyote, hata wa kupita njia. Akampa mke wangu, akachukua yeye, akakiweka kikapu upande wake. Mimi nimesimama na jasho langu. Kahawa sikupewa. Na sikuidai.

Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi."

Akauliza, "Mwanangu ulimtukania hapa?"

"Hapana."

"Ulimtukania wapi?"

"Nkwenda, kwenye mizani. Na nje ya kanisa."

"Sasa hapa umefuata nini, mzee?"

Nilimtazama mke wangu anisaidie neno. Alikuwa anatafuna kahawa.

Basi siku ya soko nikaenda Nkwenda, nikasimama palepale kwenye mizani, nikasema nilimsingizia mtoto wa watu. Wengine walicheka. Mmoja akasema, "Mzee amelipwa aseme hivyo." Mwingine akasema, "Muda wote ule alikuwa na hakika, leo ndiyo hana?" Niliwaacha waseme. Maneno hayo niliyapanda mwenyewe. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ni hapa, mbele yenu, na nawaambia kweli, hapa ni pagumu kuliko sokoni.

Nashukuru. Nawashukuru wake za wanangu waliombeba mama yao mgongoni. Namshukuru mwenye duka la simu, ambaye nilimdharau na hakunicheka niliporudi. Mkwe wangu namshukuru hata pale alipo, na nimeshakwenda kwake na mbuzi, tumeelewana. Namshukuru binti, ambaye hajanidai hata neno moja la kujieleza. Mama yake yuko humu ndani. Simwombi aseme amenisamehe mbele za watu. Atasamehe akitaka, siku akitaka.

Ninyi mnaoagiza vitu ng'ambo kwa simu, na najua mko wengi kuanzia hapa mpaka Nyakatuntu, niwaambie hili ambalo nimelinunua ghali. Andika kitu jina lake na bei uliyolipa. Tunza risiti. Uliza ushuru kabla ya kuagiza, usiulize mzigo ukishakwama, na ukiambiwa ulipe, lipa upewe stakabadhi. Usidhani kule bandarini ni hapa mtoni. Na mzigo wako ukizuiwa, kabla hujamtaja mtu, kaa chini ujiulize wewe mwenyewe uliandika nini.

Na wale mliomnyang'anya binti kazi kwa sababu ya mdomo wangu, nawaomba mmrudishie. Sina kitu kingine cha kumlipa. Ningekuwa nacho ningelipa hicho, maana ingekuwa rahisi kuliko hili ninalofanya sasa.

Mke wangu yuko pale mlangoni, kwenye kiti. Tangu nimeanza ananitazama aone kama nitaruka mahali. Sijaruka. Yule binti hakuiba kitu cha mtu. Mwongo nilikuwa mimi, na mlinisikia mimi. Basi leo pia nisikieni.