Jina Lisilo na Mwenyewe

Benchi la Mkondoa halikuwa benchi. Kilikuwa kiti cha nyuma cha Landrova iliyofia kwenye mlima wa kwenda Kreta ya Ngorongoro. Watu wakagawana kilichogawanyika, na kiti kikaangukia ukutani pa duka la ushirika, Karatu, kando ya barabara ya vumbi jekundu. Mkondoa akaweka hapo jiko lake la mkaa na birika la kahawa, na kijiwe kikawa kijiwe. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Duka lilikuwa na majembe mawili na muuzaji. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliana. Kahawa ikanywewa chungu hivyo hivyo, na utamu ukatafutwa kwenye maneno, maana maneno yalikuwa bado hayajawekewa kibali.

Siku moja ya mnada Valeriani alishuka kutoka Kansay asubuhi na mapema. Hana ng'ombe wa kuuza, hana mbuzi, ana shida tu. Akakaa pembeni, pale springi ilipochomoza, mahali ambapo mtu mwenye akili zake timamu hakai.

— Vipi, Kansay? Mbona umekaa juu ya msumari? Mkondoa alimuuliza akimimina.

— Nataka jina.

— Makubwa! Mkeo Marsela amejifungua tena?

— La mbwa.

Walicheka. Alicheka Inosenti, aliyeitwa Spea kwa sababu aliwahi kuendesha wageni wa mbuga kwa Landrova ile ile, na kila mazungumzo, hata ya msiba, aliyamalizia kwenye vipuri. Alicheka pia Raphaeli, aliyeitwa Katekista. Alisomea ukatekista miezi minne, akarudishwa nyumbani, lakini lile jina hakulirudisha.

— Chekeni, Valeriani alisema. Ila lisiwe la mwanamume, wala la mwanamke, wala la mtu yeyote aliyebatizwa, aliyetahiriwa au aliyeandikishwa kodi. Nataka jina lisilo na mwenyewe. Na nalitaka kabla lori la Endulen halijafika.

Hapo ikabidi aeleze, na kueleza kulimuuma kuliko springi. Miaka minne nyuma, rafiki yake wa Kimasai aitwaye Koinet alimpa mtoto wa mbwa. Nyumbani wakawa wanasema “mbwa wa Koinet”. Mlisheni mbwa wa Koinet. Mbwa wa Koinet kala yai. Sasa watoto wa Valeriani ni wavivu wa kila kitu, hata wa maneno. Mwezi haukuisha, “mbwa wa” ikadondoka njiani, akabaki Koinet. Hakuna aliyekaa akaamua. Jina likajiita lenyewe.

— Basi tabu iko wapi? Spea akauliza.

— Tabu ni kwamba mwenyewe alikuja kunitembelea. Kabla ya masika. Nimemketisha uani, nimempa maziwa, tunazungumza vizuri. Marsela yuko jikoni. Mara nasikia: “Koinet! Toka humo, mwizi mkubwa wewe, nitakuvunja kiuno!”

Mkondoa aliweka birika chini ili acheke vizuri.

— Akafanyaje?

— Akasimama. Akaweka kikombe chini, maziwa nusu. Akaaga. Akaondoka.

— Loo!

— Nikabaki nimeshika kigoda kama mtu aliyekuja kukiazima. Tangu siku hiyo sijamwona. Halafu mwezi uliopita fisi wakamuua mbwa. Habari zikamfikia huko juu Endulen, akanitumia salamu: nakuja siku ya mnada, naleta mwingine. Basi. Hakuongeza neno. Sasa niambieni, huyo ni mtu aliyesamehe, au anakuja kuniaibisha mbele ya mnada mzima?

Valeriani hakuwa anatania. Rafiki alikuwa naye mmoja tu upande ule wa mlima, mtu aliyewahi kulala macho siku mbili akimtafutia ndama aliyepotea, na yeye amemfanya mwizi wa mayai. Akipokea mbwa huyu na kumpa jina la ovyo tena, kwisha.

— Shida yako ndogo, Spea akasema. Mwite Giaboksi. Giaboksi si dume, si jike. Ukiita “Giaboksi!” nani ataitika?

— Landrova yako ingeitika, kama isingefia mlimani, akasema Mkondoa. Sikiliza, Valeriani. Mwite Foleni. Kwenye foleni mwanamume yumo, mwanamke yumo, padri yumo. Hakuna wa kusema umemtukana yeye.

— Nisimame kilimani jioni nianze kupiga kelele “Foleni! Foleni!”? Kansay nzima itashuka na vikapu. Nitawapa nini?

— Hilo kweli.

Katekista akakohoa. Katekista akikohoa ujue methali iko njiani, na haijui inakokwenda.

— Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko.

— Huyu aliuawa na fisi, Mkondoa akamkumbusha.

— Ndiyo. Kwa hiyo hakufa maji. Methali haijakosea.

Wakanywa kahawa kwanza, wapate nguvu ya kulisahau jambo hilo.

— Ninyi mnacheza, Spea akasema, akasogea mbele hadi kiti kikalia. Jina la mbwa ni suala la usalama. Fisi wanajifunza majina! Shemeji yangu wa Buger alikuwa na mbwa anaitwa Tomi. Fisi akakaa nyuma ya zizi siku saba anasikiliza tu, hali, hanywi. Siku ya nane akaita: “Tomiii!” Tomi akatoka. Mpaka leo.

— Fisi aliita kwa sauti ya nani?

— Ya shemeji. Tena pamoja na mafua yake.

— Acha uongo, Spea!

— Muulizeni! Ndiyo maana nasema, jina liwe lile ambalo fisi halitamki. Mwite Ngorongoro. Fisi hana ulimi wa “ngo”.

— Mbuga imejaa fisi tangu enzi za babu, Mkondoa akasema. Ina maana wote hawajui kutaja kwao?

Spea akatafakari. Akakiri kwamba hilo halijafanyiwa utafiti.

Valeriani aliinamisha kichwa. Mtu mzima, ana mvi, ana watoto sita na mjukuu mmoja, amekalia springi ya gari la watu akisikiliza ulimi wa fisi. Marsela angemwona angerudi kwao. Tena Marsela ndiye aliyemwonya asubuhi: ukirudi na mbwa mwenye jina la kipuuzi, mtalala wote wawili zizini.

— Mimi ninalo, Katekista akasema kwa upole. Mwanzoni Adamu aliwapa wanyama wote majina. Mbwa akaja mwisho, Adamu amechoka. Akamwambia, wewe njoo kesho, labda nitapata. Basi. Jina la mbwa ni Labda.

— Hiyo imeandikwa wapi?

— Hiyo hufundishwa mwezi wa tano. Mimi nilirudishwa wa nne.

Lakini Mkondoa alilipenda. Labda! Si la kiume, si la kike, halina kabila, halina kaburi. Hakuna mtu Karatu nzima atakayekuja kulalamika kwamba ametukanwa kwa kuitwa Labda. Spea alipinga kidogo kwamba fisi akilisikia atajua hata mwenye zizi hana uhakika. Akanyamazishwa kwa kikombe. Wakapiga kura, mikono mitatu ikainuka, na wa Valeriani ukafuata kwa sababu lori la Endulen lilikuwa tayari linapiga honi kwenye kona.

Koinet akateremka wa mwisho, mrefu, shuka limemkaa begani, na ndani ya shuka kitu kinafurukuta. Valeriani akavua kofia.

— Sopa, Koinet akasema.

— Ipa, wakaitikia wote, hata Mkondoa, ambaye salamu nyingine yoyote ya Kimasai hakuijua.

Koinet akakitoa kile kitoto cha mbwa, cha kahawia, masikio mazito, akakiweka chini. Kikanusa jiko, kikapiga chafya, kikaenda moja kwa moja kwenye kiatu cha Spea na kuanza kutafuna kamba.

— Koinet, ndugu yangu, Valeriani akaanza, na hotuba yote aliyoitunga njiani kutoka Kansay ikamtoroka. Siku ile. Ile uliyoondoka hujamaliza maziwa.

— Aa. Lori lilipiga honi.

— Lori?

— Ningelikosa, ningelala kwako. Nawajua kunguni wako.

— Lakini… hukumsikia Marsela?

— Nilisikia. Mke wangu Nareyu huniambia hivyo kila asubuhi. Nilifikiri mama watoto wako ananikaribisha.

Mkondoa akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Valeriani alihisi uso unamchoma. Miezi yote ile amekosa usingizi, na mwenzake aliwahi gari tu!

— Hata hivyo, akajikaza, huyu hatutamwita vile tena. Nakuapia. Tumemtafutia jina safi, lisilo la mtu. Anaitwa Labda.

Koinet aliwatazama mmoja mmoja, kama anayehesabu ng'ombe na idadi haitimii.

— Labda, akasema.

— Si la kiume wala la kike, Katekista akafafanua. Kwani huyo ni dume?

— Jike.

— Unaona! Hata lile lako lisingemfaa.

— Fisi akija, atauliza?

Koinet akachuchumaa mbele ya Valeriani, macho yakawa sawa na macho.

— Yule wa kwanza. Fisi walikuwa wangapi?

— Watatu. Niliona nyayo.

— Alikimbia?

Valeriani alitazama vumbi. Hili hakuwa amewaeleza wenzake, maana pale kijiweni hapakuwa na mahali pa kuliweka.

— Hakukimbia. Nilimkuta asubuhi mlangoni pa zizi, amelala ameelekea upande walikotokea fisi. Kondoo kumi na mmoja, wote wazima. Nilitaka kumtupa korongoni kama mbwa wengine, Marsela akakataa, akanipa jembe. Tukamzika karibu na mgomba. Nililia, Koinet. Mtu mzima mimi, nililia hadi watoto wakaona.

Spea aliacha kuvuta mguu wake.

— Basi alisimama, Koinet akasema.

— Alisimama.

— Sasa jina langu limekosa nini?

Barabarani lilipita kundi la ng'ombe wa mnada na mchungaji wao, vumbi likaja likakaa kwenye vikombe. Spea aliangalia ng'ombe kwa makini, kana kwamba anatafuta mwenye giaboksi. Katekista alikohoa, wakasubiri, hakikutoka kitu. Mkondoa akainua birika ampe mgeni kahawa, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi, yakadondoka machicha mawili.

Valeriani akajifuta uso kwa kofia. Akamwinamia yule mbwa mdogo.

— Koinet, akaita, taratibu.

— Naam, akaitika mwenye jina.

Mbwa aliendelea kutafuna kamba ya kiatu cha Spea.