Bi Hasina Ametuachia Sababu

Baada ya miaka ishirini na minne ya kazi katika ofisi yetu ya Ukunda, Bi Hasina Boga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Aliingia akiwa karani wa kuchapa. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe wakati sisi wengine tukienda kula. Mfumo wa zamu na vyakula vya wafanyakazi unaotumiwa na hoteli kadhaa za Diani ni kazi ya mkono wake.

Ukiunda kitu, kikiharibika ndiwe utakayeitwa. Simu ilimfuata Bi Hasina hata arusini kwa bintiye kule Kikoneni, akaipokea na hina haijamkauka. Hamu yake ilikuwa moja tu: akistaafu, na simu yake istaafu. Hatukuamini kwamba yawezekana.

Mwaka jana tulianza kuitumia akili unde kutuandikia ujumbe wa komiti, yaani yale maelezo mafupi yanayoambatana na kila badiliko katika programu ili wenzako wajue umefanya nini. Bi Hasina alifurahi kuliko sote, maana kuandika maelezo kulimchosha. Kabla ya Ramadhani kwisha aliondoa hesabu iliyokuwa ikijipangia sikukuu ya Idd, ili tarehe iingizwe kwa mkono mwezi ukishaandama. Akili unde ikaandika kwamba hesabu ya tarehe imeondolewa. Ilikuwa kweli, naye akaupitisha ujumbe bila kuongeza neno. Mwenzetu Sufyan alipousoma alidhani hesabu imefutwa kwa bahati mbaya, akairudisha kwa nia njema.

Mwezi haukuandama. Watu wakaamka na saumu ya thelathini, na hoteli moja ikapika pilau ya Idd mchana kweupe, nusu ya wapishi wakiwa wamepewa likizo. Wasiofunga walikula wakasaza. Waliofunga walishinda na harufu. Bi Hasina alipigiwa simu hadi betri ikaisha. Haraka haraka haina baraka, alituambia, na lawama akazigawa sawa baina yake na Sufyan.

Tangu hapo akili unde huandika kilichobadilika, na binadamu huongeza mstari wake unaoanza na "kwa sababu". Bi Hasina alizirudia kazi zake za zamani, akaziandikia sababu moja baada ya nyingine. Idd ya mwaka huu simu yake haikulia hata mara moja. Alitupigia yeye, kuhakikisha kwamba simu ni nzima.

Tutamkosa, na tusijifanye vinginevyo. Ahsante, Bi Hasina, kwa ukali wako na kwa mahamri ya kila Jumatatu. Mola akujaalie afya na usingizi mnono, na akupigiaye akupigie kwa salamu tu.

Juzi alifanya badiliko lake la mwisho. Akili unde iliandika kwamba nambari moja ya simu za dharura imeondolewa. Chini yake akaongeza mstari wake: kwa sababu mwenyewe anakwenda kupumzika, na wanaobaki wanajua.