Maji Kidogo Kwenye Gasketi

Mama mmoja mwenye ovaroli aliyekuwa akisubiri basi kituoni alitusogelea, akafungua boneti ya pikapu yetu ya abiria bila hata hodi. Injini ilikuwa ikitetemeka, na dereva alikuwa ameapa kuiuza pikapu siku hiyohiyo kama chuma chakavu. "Plagi nimebadilisha mara tatu, mama!" dereva alilalamika.

"Unamtibu macho mgonjwa wa tumbo, mwanangu." Alimimina maji ya kunywa pale bomba la hewa linapoungana na injini. Ikatulia kidogo, kisha ikatetemeka tena. Mimi abiria, na shahada yangu ya uhandisi, nilisikia kelele tu. "Gasketi, kile kizibo cha hapa kwenye maungio, imepasuka, inavuta hewa; maji yameziba ufa kidogo tu. Usiuze. Nakubadilishia sasa hivi."

"Na safari yako?" dereva aliuliza.

Basi la mwisho la kwenda kwao mama lilipiga honi, likaondoka. Mama aliendelea kulegeza nati.