Darasani au Shambani?

Mama Pacha alikuwa anakwenda kwenye mafunzo yake ya kwanza ya kuzalisha mbegu za mpunga. Kivuko kilipofika katikati ya mto, akawasikia wanaume wawili wasiojuana wakibishana nyuma yake.

"Nimekaa darasani siku tano, ndugu yangu," alisema mmoja, "na mkaguzi bado kazikataa mbegu zangu. Eti zimechanganyika na mpunga mwingine."

"Darasani utautambuaje? Mimi shemeji yangu alinipitisha shambani mstari kwa mstari, tukiung'oa huo mwingine kwa mkono."

"Zako zikapita?"

Mwenzake alijikohoza kidogo. "Hazikupita. Zilikuwa hazijakauka vizuri. Hilo shemeji hakuniambia."

"Sisi tuliambiwa siku ya kwanza."

Mama Pacha alichanganyikiwa. Ekari yake ilikuwa moja tu, na msimu huu alikuwa ameinyima familia wali ili apande mbegu. Akageuka. "Samahani kaka zangu. Sasa mimi niende darasani, au nimtafute huyo shemeji?"

Wakamjibu wote wawili kwa mpigo, kila mmoja lake, na kivuko kikagota ng'ambo.