Mvua Niliyoizusha Kenyamonta

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi mliosimama mlangoni mkiwaza ng'ombe, sitawachelewesha. Labda kidogo tu.

Mnanijua kama yule mgeni wa begi. Nilitoka Singida kufuata dhahabu Tarime, shimo likanishinda, nikaanza kuzunguka kutembelea makabila. Nimelala kwa Wahadzabe, nimekamua ng'ombe wa Wadatoga, Waikoma wamenicheka nikijaribu kucheza ngoma yao. Raha tupu! Narekodi kwa simu, naweka mtandaoni, watu wanafurahi, nami napata chakula.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoharibu. Nilifika hapa siku ya risaga, mnapolimiana mashamba kwa zamu. Mlikuwa mnapalilia mtama huku mkiimba, mama mmoja akiongoza. Sikuuliza wimbo unasema nini. Nikarekodi, nikaandika: "Ngoma ya siri ya kuita mvua." Nilijua si kweli. Nilitaka watazamaji waongezeke.

Msicheke, ninyi! Video ilifika mjini Mugumu kabla yangu. Yule mama akienda mnadani anaulizwa mvua itanyesha lini. Mwanzoni ulikuwa mzaha. Baadaye maneno kwamba anaita mvua kishirikina yakaingia humu kanisani, akaondolewa kuongoza kwaya. Mtu aliyenipa maziwa siku ileile niliyomrekodi! Niliposikia niliona aibu, nikatoroka. Miezi mingi nilitangatanga bila furaha, maana niliwapenda ninyi, na mama alikuwa amekosa kwaya yake kwa uongo wangu.

Jumapili moja nikarudi. Nikasimama hapahapa, nikasema ukweli wote na kuifuta ile video mbele yenu. Tulipotoka nje, mama akanitazama juu mpaka chini.

"Mura, kijana wangu, umesema vizuri. Sasa mdomo upumzike. Kesho tunapalilia kwangu, njoo na mikono."

Nililia, jamani, kwa furaha. Kesho yake nikang'oa mtama nikaacha magugu, mkaanguka kwa kicheko. Msimu mzima nilizunguka mashamba yote ya kundi, malengelenge yakawa sugu. Na wimbo ule nikauelewa: unamsema mvivu anayesimama pembeni wenzake wakilima. Kumbe siku ile mlikuwa mnaniimba mimi!

Mama amerudi kwenye kwaya, mmemsikia leo alivyolitikisa bati. Asante, mama. Asanteni wazee mliokubali kumsikiliza mwongo akitubu. Bado nasafiri, msidhani nimetulia. Lakini siku hizi nikifika kwa watu naomba kazi kwanza, maswali baadaye, na habari zao nawaachia waseme wenyewe. Vijana wenye simu, shikeni hilo.

Sasa lililonileta mbele leo. Mama amenikatia kipande cha shamba jirani na lake, na wazee wamesema Jumanne zamu ni yangu. Mimi, mtu wa kuja, nalimiwa! Njooni wote. Ulezi wa uji nimesaga mwenyewe. Atakayekuta mchanga, anisamehe na hilo.